Mabinti Watano na Kibanja cha Baba

Baba alizikwa kwenye kibanja chake huko Kagoma, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe na mibuni aliyoirithi kwa babu. Kwetu Wahaya kibanja si shamba tu. Ni nyumba, ni migomba inayoizunguka nyumba, na ni makaburi yaliyo chini ya migomba hiyo. Ukimwondoa mtu kwenye kibanja umemwondoa kwa wafu wake. Kwa hiyo siku ile ya mazishi, nilipowaona wanaume wa ukoo wakipima kwa macho kutoka kaburini hadi mpakani, nilikasirika kabla sijaanza kulia. Hasira yangu siku zote hutangulia machozi. Mama alinizaa hivyo na hakuwahi kuomba radhi kwa hilo.

Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na sisi wawili tu, dada yangu mkubwa na mimi. Na mila ilikuwa wazi, hata mtoto aliyeanza kutembea juzi aliijua: binti harithi kibanja cha ukoo, kwa sababu binti ataolewa, na akiolewa atakwenda nacho kwa watu wengine. Mrithi angekuwa baba mdogo. Mama, mjane asiye na mwana, angebaki nyumbani mwake kwa hisani ya huyo mrithi, au angerithiwa naye kama mke, au angerudi kwa kaka zake, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wamekanyaga kwetu. Yote haya yalisemwa kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. Walimweleza mama atakavyotoka nyumbani kwake kama watu wanaosema jioni itanyesha.

Lakini mimi nilikuja msibani na silaha. Ili ieleweke, lazima kwanza niseme habari za shule.

Nilikuwa nasoma kwa masista, mjini Bukoba. Uhuru ulikuwa bado mpya, kila mtu akiuzungumzia kama mtoto aliyezaliwa nyumbani mwake, na sisi wasichana tuliokuwa na bahati ya darasa tuliambiwa kila asubuhi kwamba nchi inatusubiri. Sista aliyetufundisha dini ndiye aliyetufundisha na historia. Vipindi vyake vilifuatana, na mara nyingi kimoja kilimwagikia kingine. Ndivyo tulivyopata kusikia habari za mfalme wa Babeli aliyechonga sheria zake kwenye jiwe jeusi, miaka mingi kabla ya Musa kupanda mlimani.

Darasa zima lilishtuka. Tulikuwa watoto wa katekisimu. Tuliamini kwamba kabla ya amri kumi watu walikuwa wakiuana na kuibiana tu mpaka Mungu alipochoka. Mwenzetu mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama Musa aliiba sheria za Babeli.

Sista hakukasirika. Alisema, "Mama yako alimwibia nani namna ya kupika ebitoke, ndizi za huku? Kila nyumba huku inapika, kila nyumba ina migomba. Lakini nenda ukaonje, utajua umekula kwa nani."

Kisha akatuonjesha. Ng'ombe mwenye kupiga watu pembe yumo kwa Musa na yumo Babeli. Kwenye jiwe, kama mwenye ng'ombe alikwisha kuonywa na hakumkata pembe, na ng'ombe akaua mtu, alitoa fedha na shauri likaisha. Kwa Musa ng'ombe huyo alipigwa mawe na nyama yake haikuliwa, na mwenyewe aliyeonywa akazembea alistahili kufa, asipokubaliwa kujikomboa. Jicho kwa jicho limo kote kuwili. Lakini Babeli jicho la bwana lililipwa kwa jicho, na jicho la mnyonge kwa fedha. Musa hakuwapanga watu huru madaraja namna hiyo. Watumwa alikuwa nao, sista hakutuficha, ila mtumwa aliyetobolewa jicho na bwana wake aliachwa huru kwa ajili ya jicho lake. Wenzetu ambao babu zao walikuwa watwarwa, wakilima ardhi ya bwana wa nyarubanja na kumpelekea mazao, walisikiliza kuliko sisi wengine. Ng'ombe ni yule yule, alisema sista, tazameni tu mtu amepewa thamani gani.

Siku nyingine akaleta habari za mabinti. Babeli kulikuwa na mabinti waliotolewa kwa hekalu, wasioolewa. Baba akifa bila kumpa binti kama huyo mali yake, sheria ilimpa fungu. Angelila maisha yake yote, lakini asingeliuza, na akifa lingerudi kwa kaka zake. Kwa Musa kulikuwa na mabinti watano ambao baba yao alifia jangwani bila mwana. Hao walikwenda mlangoni pa hema, wakasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu tu hakuzaa mwanamume. Musa akalipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema mabinti hao wanasema haki, wapewe urithi.

"Sheria nyingi za kale nimezisoma," alisema sista. "Hii sijaiona kwingine. Sheria kubadilika kwa sababu wasichana walisimama wakasema."

Sijui wenzangu walichukua nini siku ile. Mimi nilichukua hilo moja. Habari ya kifo cha baba ilipofika shuleni nikapewa ruhusa ya kwenda msibani, nilimwomba sista Biblia yake. Nyumba za Wakatoliki wakati ule zilikuwa na rozari na katekisimu. Biblia nzima nzima tuliiona ni kitu cha Walutheri. Alinipa bila kuuliza, akaweka utepe mahali penyewe.

Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa. Wanaume walikaa vitini, wanawake tukakaa chini kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sebuleni. Kahawa ya kutafuna ikazungushwa kwenye kikapu kidogo, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. Mbele waliweka kigoda cha baba, na juu yake mundu wake wa kupogolea migomba, unaomngoja mrithi. Baba mdogo hakuutazama. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Lakini ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka hospitali nilipougua utotoni, na ndiye aliyelia kuliko wote kaburini. Hakuwa akinyang'anya kitu. Alikuwa anapokea alichoambiwa ni chake.

Niliomba kusema. Minong'ono ilipita, maana binti kusema mbele ya ukoo si jambo la kila siku, lakini mzee wa ukoo akanyanyua mkono. "Mwacheni. Tumeuza kahawa ili asome, tusikie alichosoma."

Nilifungua kwenye utepe. Nikawa nasoma Kiswahili na kugeuza Kihaya, sentensi kwa sentensi. Nilipofika pale mabinti walipouliza kwa nini jina la baba yao lifutike, wanawake waliinua vichwa. Sijasahau nyuso zile.

"Hicho si kitabu cha Walutheri?" aliuliza baba mdogo.

"Nimepewa na sista, baba."

"Na huyo Musa," alisema mzee wa ukoo, "ndiye yule wa amri kumi?"

"Ndiye, waitu," nilijibu kwa neno letu la heshima.

Mzee akatafuna kahawa taratibu. Amri kumi alizikariri tangu ubatizo wake. Hakuwa mtu wa kuchagua amri ya kushika na ya kutupa. "Kama Musa alisema," alianza, "nasi ni nani?" Baba mdogo alishusha pumzi, na naapa ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Dada yangu alikuwa ameshika mkono wa mama. Mimi nilijiona mkubwa kuliko nyumba. Nilifurahi waziwazi, siku chache tu baada ya kumzika baba, na sikuona haya.

Hapo ndipo shangazi aliposema. Alikuwa dada wa baba, mwanamke mwenye sauti ukooni, naye alitupenda sisi. Alitaka kulifunga jambo vizuri lisije likafunguliwa na mtu kesho. Akauliza swali ambalo Mhaya yeyote angeuliza, na ambalo mimi, pamoja na masomo yangu yote, sikuwa nimelitarajia.

"Mwana wange, na hao mabinti waliolewa wapi?"

Jibu nililijua. Limo mwishoni mwa kitabu kile kile, kurasa chache mbele. Shuleni nilikuwa nimelipita haraka, kama mtu anavyopita mlango wa chumba kisicho chake. Ningeweza kusema sijui. Lakini kaburi la baba lilikuwa nyuma ya ukuta ule, na kitabu kilikuwa magotini pangu. Nikageuza kurasa, nikasoma.

Wakuu wa ukoo wa mabinti wale nao walikwenda kwa Musa. Wakasema, mabinti hawa wakiolewa na kabila jingine, ardhi yetu itaondoka nao. Na Mungu akasema hao nao wanasema haki. Mabinti wakaambiwa waolewe na wanaowapenda, ila ndani ya kabila la baba yao tu. Nao wakafanya hivyo. Waliolewa na wana wa ndugu za baba yao.

"Mawe!" shangazi alimaka kwa Kihaya, akashika mdomo. Wanawake wote walishika midomo. Mzee mmoja alitoka nje kutema mate. Kwetu wana wa baba mdogo ni kaka zako, hawana jina jingine. Mtu wa ukoo wako huolewi naye, hata ukoo uwe mkubwa kiasi gani, na ndoa kama hiyo hatuitaji ila kama laana. Nilikuwa nimekuja na sheria ya Mungu kuokoa kibanja, na sheria hiyo ikatuambia tuoane na kaka zetu. Sheria ni msumeno, watu husema. Siku hiyo niliusikia unavyorudi nyuma.

Mzee wa ukoo hakucheka. Alisema polepole, kama mtu aliyekutana na jirani mahali asipomtarajia, "Kumbe Musa shida yake ilikuwa hii hii yetu. Aliogopa ardhi isije ikatoka. Lakini sisi njia yake hatuwezi kuipita."

Alikuwa amesema kweli. Babeli, jangwa la Musa na Kagoma kwetu, kote wanaume walikaa wakawaza jambo moja, namna ya kumzuia binti asiondoke na ardhi. Walitofautiana kwenye kufuli tu. Babeli walimpa binti ale kisha wakainyang'anya maiti yake. Musa alimpa kabisa, halafu akamfungia ndani. Sisi hatukumpa.

Baba mdogo alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kigoda, bila haraka, wakati dada yangu aliposimama.

Dada hakuwa msemaji. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Yeye alikuwa na mikono. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi wa Kibeta, kijana mpole aliyekuja kwetu na baiskeli iliyong'arishwa kama kikombe cha misa, na posa ilikwisha kupokelewa. Nguo ya harusi ilikuwa kwa fundi wa mtaa wa Miembeni, mjini.

"Nisipoolewa?" alisema.

"Nauliza, waitu. Nisipoolewa kabisa, ardhi itakwenda wapi?"

"Hapana, mwana wange," alisema mama. "Hapana. Nitarudi kwa kaka zangu."

"Mama, kaa."

Wazee walitoka wakashauriana chini ya mibuni. Waliporudi mzee wa ukoo alitoa uamuzi. Binti atakaa kwenye kibanja na mama yake. Atalima, atakula, hataolewa. Hatauza hata kipande. Akifa, au akibadili nia akaolewa, kibanja kitarudi kwa wana wa baba yake mdogo. Ilikuwa sheria ya jiwe jeusi, kifungu kwa kifungu, ikitamkwa kwa Kihaya na mzee ambaye hakuwahi kufika hata Mwanza. Nilikuwa nimeileta sheria ya Musa nyumbani kwetu, na dada yangu akahukumiwa kwa ile ya Babeli. Yeye hakuwa na hekalu.

Mwalimu wa Kibeta alikuja baada ya juma moja. Walizungumza uani, wamesimama. Sikusikia walichosema, niliona tu anavyogeuza baiskeli. Posa ilirudishwa kwao. Nguo haikufuatwa kwa fundi.

Niliporudi shule nilimrudishia sista kitabu chake nikamweleza yote. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema ataniombea. Nilimjibu vibaya, nilisema sikutaka sala, nilitaka kujua kama wale wanawake wa hekaluni waliwahi kuulizwa. Alisema jiwe halielezi.

Maisha yakaendelea, kwangu kwa wepesi. Nilimaliza masomo, nikawa mwalimu, nikaolewa na mtu niliyemtaka, nikazaa. Dada alibaki. Kila likizo nilimkuta mgongo umeinama zaidi, akitandaza nyasi kwenye mashina, akipogoa kwa mundu wa baba, kazi ambayo majirani walisema ni ya wanaume mpaka walipochoka kusema. Migomba ilistawi kuliko wakati wa baba. Baba mdogo alikuja mara kwa mara kuwasalimia, akileta sukari, akikaa pembeni ya kiti. Hakuna aliyekuwa na furaha kwenye mpango ule, na wote waliushika. Mara moja nilimweleza dada habari za Babeli, kwamba hukumu yake ni ya kale kuliko Musa. Aliendelea kumenya ndizi. "Kwa hiyo si mimi wa kwanza," alisema. Nilijuta kumwambia.

Kisha likaja Azimio la Arusha, na baada yake vijiji vya ujamaa. Redio ilisema ardhi ni ya taifa, viongozi walisimama viwanjani wakasema ni ya anayeilima. Huku kwenye migomba watu walipiga makofi wakarudi nyumbani kwao. Nani aache makaburi? Lakini kijiji kipya kilifunguliwa juu kwenye rweya, zile nyika za majani ambako zamani wanawake walilima njugu mawe na kukata nyasi za kuezekea. Walioandikishwa walikuwa vijana wasio na kibanja, na watu ambao koo zao hazikuwa na nafasi nao.

Mama alifariki wakati wa masika. Tulimzika kando ya baba, kati ya migomba, mahali alipotaka. Ukoo ulikaa tena, bila shauri lolote, maana dada alikuwa hai na hakuwa ameolewa. Kahawa ikazungushwa. Ndipo dada alipoingia chumbani, akatoka na mundu wa baba, akampa mwana mkubwa wa baba mdogo kwa mikono miwili.

"Nani amekufukuza?" aliuliza baba mdogo. Alikuwa mzee sasa, na machozi yalikuwa yamemtoka. "Mwana wange, nani amesema uondoke?"

"Hakuna, baba. Nilikaa kwa ajili ya mama. Mama amefika."

Alipokwenda kujiandikisha kwenye kijiji kile cha rweya, mwenyekiti alimwuliza jina la mume wake ili aandike. Dada alimwambia aandike la kwake. Alinisimulia hilo mara nyingi kuliko jambo lolote maishani mwake, na kila mara alicheka pale pale, kwamba kalamu ilikaa hewani kidogo, kisha ikaandika.

Nilimtembelea mwaka uliofuata. Kulikuwa na upepo, maana rweya haina kivuli. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya udongo. Mbele yake alipanda machipukizi ya migomba aliyoyachimbua kwenye kibanja cha baba kabla ya kuondoka, kwa ruhusa ya yule kaka yetu, ambaye alimsaidia kuyabeba. Udongo wa kule ni mwembamba, na migomba ilikuwa dhaifu, majani yamechanika. Alikuwa ameirundikia nyasi mpaka magotini. Nilitaka kulia kwa ajili yake, lakini nilipomtazama usoni nikaona kilio changu hakikuhitajika.

Tulipokwisha kula alifuta mikono, akakaa karibu yangu mlangoni.

"Umekuja na kitabu?"

Nilikuwa nacho. Siku hizo nilikuwa na Biblia yangu mwenyewe.

"Nisomee ile ya wale mabinti."

Nilisoma kwa Kihaya, polepole, kama siku ile. Jinsi walivyokuja mlangoni pa hema. Jinsi walivyosimama mbele ya wanaume wote. Jinsi walivyouliza kwa nini jina la baba yao lifutike. Alisikiliza huku akitazama migomba yake. Nikafika pale Mungu anapomwambia Musa kwamba mabinti hao wanasema haki, nikavuta pumzi ili niendelee.

Dada aliweka kiganja chake juu ya ukurasa. Kilikuwa kigumu kama ganda la mgomba mkavu.

"Ishia hapo," alisema.

Nikafunga kitabu. Akainuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akarudi kwenye migomba yake.